Usizime Injini, Mama Mkwe Yuko Nyuma

Mliniacha jikoni kwangu Migori nikiitazama sufuria.

Kwa aliyekosa gazeti: nilichemsha valvu ya moshi ya gari langu ndani ya sufuria ya ugali ya mke wangu Nyamusi. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba maji moto na sabuni huondoa masizi. Masizi yakatoka. Nyamusi naye akatoka, na mabegi mawili, akaenda Homa Bay kwa mjomba wake Omanga.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa asubuhi Omanga akanipigia.

"Kikao ni Jumapili, saa tano kamili, hapa kwangu," akasema. "Mama mkwe wako utamleta wewe mwenyewe, kwa hilo hilo gari lako. Akifika salama na heshima yake, tutaongea mambo ya Nyamusi. Usipomfikisha, usije."

"Nitamfikisha."

"Tutaona," akasema, akakata.

Hiyo "tutaona" nimeiandika kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Gari lenyewe ni dizeli, mtumba, lilitoka Japani likiwa limeshachoka. Juu ya paa lina spika mbili za chuma. Nyuma nimeliandika kwa rangi nyekundu: SIJASAHAU. Migori nzima inalijua. Mtu akiahidi kisima halafu kisima kisionekane, mimi hupita mtaa kwa mtaa nikiwakumbusha wananchi siku ile alivyosema, alikosema, na alichokuwa amevaa. Aliyeahidi daraja mwaka 2012 yumo, ukurasa wa nne. Aliyenizimia kipaza sauti barazani mwaka 2019, nikiwa katikati ya sentensi, yumo ukurasa wa kumi na moja, na shati lake la maua.

Sasa gari hilo lilikuwa linawasha taa ya njano na kukataa kupita kilomita arubaini kwa saa. Unakanyaga mafuta, linakohoa. Unakanyaga tena, linakutazama tu.

Ufundi sikusomea. Shule niliacha darasa la saba, na yote niliyonayo kichwani niliyaingiza mwenyewe. Kwa hiyo siku niliyochomeka kile kimashine kidogo cha kusoma hitilafu, nikaona ugonjwa wa gari langu umeandikwa P2463, damu ilinichemka.

Kwa nini shida ya mwananchi iandikwe kwa herufi za siri? Nani alikaa wapi akaamua nisielewe?

Nikakaa siku nne nikizikariri hizo code. P0401, moshi haurudi kwenye injini inavyotakiwa. P2002, chujio la masizi halichuji. P2463, masizi yamejaa. Nikazijua zote, nikaanza kuzifuta. Kila asubuhi, kabla ya chai, nafuta. Jioni zimerudi, zimekaa pale pale kama wapangaji wabishi.

Basi Ijumaa hiyo, saa kumi jioni, nikapiga magoti kwa Angwenyi.

Angwenyi ni fundi wa dizeli, Msabato kama mimi, tofauti ni kwamba yeye hachelewi kanisani. Ndiye mwenye ile mashine kubwa ya kusoma gari, hapo karibu na daraja. Miezi mitano nilikuwa nimemkwepa kwa sababu ana tabia ya kuuliza maswali.

Akachomeka mashine. Akasoma. Akanitazama.

"Umefuta mara ngapi?"

"Sitini na tatu."

"Na ya sitini na nne ulitegemea nini?"

"Haki."

Akaingiza mkono chini ya boneti, akachomoa kabomba kembamba ka mpira, akakapuliza, akakachungulia kwa tochi.

"Haka ndiko kanaambia kompyuta chujio limejaa kiasi gani. Kakipasuka, kanadanganya. Haka ni kazima. Watu hubadilisha sensa ya chujio bure kabla hawajaangalia bomba."

"Nilibadilisha sensa."

"Najua. Naiona inang'aa." Akasogea upande mwingine. "Valvu imesafishwa vizuri sana. Ulitumia nini?"

"Sufuria."

"Sawa," akasema, kama daktari anayeandika.

Akawasha injini, akaangalia namba zikipanda na kushuka. Halafu akauliza lile swali ambalo mafundi sita kabla yake hawakuniuliza.

"Omogaka Mogire, hii gari unaiendesha namna gani?"

"Vizuri! Polepole. Kilomita tano kwa saa, ili watu wasikie. Nikifika sokoni nasimama, naacha injini ikiwaka kwa sababu ya spika, naongea saa tatu, saa nne. Sijawahi kuigonga. Sijawahi kuikimbiza."

Angwenyi alikaa chini juu ya tairi. Nilidhani ameshikwa na tumbo, kumbe ni kicheko.

"Hujawahi kuikimbiza!"

"Hata siku moja."

"Hilo chujio linashika masizi, halafu linangoja ukimbie, lipate moto, liyachome yaishe. Wewe hujakimbia. Umesimama unahutubia." Akajifuta machozi na kitambaa cha grisi. "Ndugu yangu, haya masizi ni hotuba zako."

"Kwa hiyo mgonjwa ni gari ama ni mimi?"

"Mashine haina code ya dereva. Ingekuwepo, ungekuwa nayo."

Nilitaka kumwandika kwenye daftari, lakini nilikuwa namhitaji.

Akanionyesha kioo cha mashine. Masizi: asilimia tisini na mbili.

"Ikigonga mia, inajifunga. Hapo hata mimi siiwezi, na hilo chujio huku kwetu halipatikani. Kompyuta imejaribu kuchoma mara mbili, ukazima injini katikati. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Tangi lipite nusu. Mshale wa injini uwe juu ya elfu mbili na nusu, dakika arubaini hivi. Na usizime. Mogire, umenisikia? Hata ukilazimika kusimama, endelea kukanyaga mafuta hapo hapo. Ikifika chini ya ishirini, umepona."

"Nichomee wewe. Leo."

Akalitazama jua. Jua lilikuwa limeinama. Akaanza kufunga spana moja moja kwenye kitambaa.

"Sabato inaingia."

"Angwenyi, ni ndoa yangu!"

"Ndoa ilianza Edeni. Sabato pia ilianza Edeni. Hazijawahi kugombana." Akafunga sanduku. "Jumapili unaenda wapi?"

"Homa Bay. Na mama mkwe."

Uso wake ukachangamka. "Lakini hiyo ndiyo barabara yenyewe! Lami, mbali, hakuna msongamano. Safari ndiyo dawa. Utampeleka mama na utachoma masizi kwa mkupuo mmoja."

Akaniazima kakioo kadogo ka kubandika kwenye dashibodi, kanakoonyesha asilimia. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Hapo ndipo nilipaswa kujua kitu kitaharibika.

Jumamosi nilishinda kanisani nikiliombea chujio. Jumapili saa tatu nilikuwa Uriri, gari limepata joto, injini inawaka, nje ya lango la mama mkwe.

Sasa wasomaji wetu wa Kijaluo na wa pwani wanivumilie nieleze kidogo. Sisi Wakisii tuna chinsoni. Ni heshima ya wakwe. Mama mkwe humpi mkono. Humtazami usoni. Jina lake hulitamki hata ukiota. Mkiwa na neno, linapitia mtu wa tatu. Miaka sita nimemwoa binti yake, na sura ya huyo mama naijua kuanzia viatu mpaka kwenye goti.

Mtu wa tatu alikuwa awe shangazi Emmah. Asubuhi hiyo shangazi Emmah akaamka na jino.

Nikajipanga. Nikafunga leso pana kwa kamba kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza kikatazama paa. Mama akaingia nyuma taratibu na fimbo yake na mguu wake mbovu, na kuku mmoja wa kumpelekea Omanga.

Tukaondoka.

Halafu nikasikia sauti nyuma ya leso.

"Kuku," mama akasema, "hivi huyu mtu amekunywa chai?"

Nikaelewa. Mtu wa tatu amepatikana.

"Usukani," nikajibu, "waambie walio nyuma kwamba nimekunywa, na ahsante."

"Kuku, na mbona gari linapiga kelele namna hii?"

"Usukani, waambie ni matibabu."

Tukaendelea hivyo, kwa adabu kabisa. Gia ya tatu, mshale juu ya elfu mbili na nusu, injini inalia kama ng'ombe aliyeibiwa ndama. Asilimia tisini. Themanini na saba. Themanini na nne! Harufu ya moto ikaingia ndani, moshi mweupe ukatoka nyuma, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Nyamusi aondoke nikaanza kuimba.

"Kuku," mama akasema, "huyu anaimba nini?"

"Usukani, ni furaha."

Tulipokaribia Awendo, kuku hakuulizwa kitu tena. Nikasikia vidole vikibonyeza simu, kisha mnong'ono mrefu.

Kuna mambo ambayo hata kuku haambiwi.

Tukaingia Awendo. Ni Jumapili, misa ya kwanza imetoka, barabara imejaa watu wenye nguo safi. Matuta nayo hayana idadi. Nikashuka gia ya pili, mguu juu ya mafuta, nikiruka tuta baada ya tuta na injini ikipiga mayowe. Asilimia sabini na moja.

Hapo nieleze habari ya zile spika. Mwaka 2019 waliponizimia kipaza sauti barazani, niliapa hakuna mtu atanizimia tena. Nikaunganisha nyaya mwenyewe. Injini ikiwaka, spika zinawaka. Swichi sikuweka. Simu yangu ikiwa ndani ya gari, inajiunga na spika yenyewe, sauti yangu na ya anayepiga zitoke juu, na ikipigwa inajipokea, ili trafiki wasinikute nimeishika mkononi.

Ulikuwa mpango mzuri sana.

Simu ikaita. Ilikuwa Nyamusi.

"MOGIRE!" Sauti ya mke wangu ikatoka juu ya paa, ikapiga ukuta wa kanisa, ikarudi. "MAMA AMENIPIGIA. ANATAKA KUJISAIDIA. AMESEMA TANGU KULE NYUMA. KWA NINI HUSIMAMI?"

Awendo ikasimama. Nasema Awendo yote. Mama wa mandazi, padre mlangoni, trekta la miwa, mbwa.

"Kata simu!" nikasema, na sauti yangu nayo ikatoka juu: "KATA SIMU!"

"NIKATE? MAMA YANGU APASUKE NDANI YA GARI LAKO, NA MIMI NIKATE?"

"SIWEZI KUSIMAMA! MASIZI YAKO SABINI NA MOJA!"

"MASIZI! BADO NI MASIZI! HUKUTOSHEKA NA SUFURIA?"

Mzee mmoja wa Kijaluo aliyekuwa na Biblia kubwa akaanza kutembea kando ya dirisha langu, na kwa mwendo ule wa matuta hakupata shida kunifikia.

"Jakom, mwenyekiti, simama, yawa! Mama wa watu huyo!"

"Mzee, ni mambo ya kiufundi."

"Ufundi gani unashinda choo?"

Mwenye bodaboda akaja upande wa pili. "Omera, wewe ndiye hutuambia viongozi hawasikii wananchi! Sasa mwananchi mmoja tu, umeshindwa!"

Watu wakacheka. Halafu, kwa kuwa wanalijua gari langu, wengine wakadhani ni maandamano, wakaanza kufuata. Kina mama wa kwaya wakawa mbele. Mtu akapiga filimbi.

Ilibidi nizime spika, maana simu nikiikata atapiga tena na itajipokea. Njia ilikuwa moja tu: waya mwekundu, ulio nyuma ya kiti cha abiria, sentimita tano kutoka kwenye bega la mama mkwe.

Na mama mkwe siwezi kusema naye.

"NYAMUSI," nikaomba, "MPIGIE MAMA. MWAMBIE AVUTE WAYA MWEKUNDU."

Nyamusi akamweka mama kwenye simu yake ya pili. Nikasikia simu ikiita nyuma ya leso. Nikasikia mama akinong'ona. Nikasikia Nyamusi akisema "ehe, ehe." Kisha jibu likatoka Homa Bay, likapitia angani, likashuka juu ya paa langu mbele ya Wakatoliki wote wa Awendo:

"MAMA ANASEMA YEYE HAVUTI NYAYA ZA WATU."

Nikaruka tuta la mwisho, nikatia gia ya tatu, nikaikimbiza. Kwaya ikabaki nyuma ikipungia mkono. Mbele kidogo miwa ikatufunika pande zote mbili, mtandao ukakatika, spika zikanyamaza.

Asilimia sitini na tatu.

Nikawaza. Nikisimama, moto unapoa, kompyuta inasema mara tatu inatosha, gari linajifunga, saa tano hatufiki. Nyamusi amekwenda. Nisiposimama, mama anafika Homa Bay katika hali isiyoelezeka, na mimi ndiye niliyemfikisha hivyo. Nyamusi amekwenda vile vile.

Nikakumbuka ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwaka 2007 msafara wa mheshimiwa mmoja ulimpita marehemu mama yangu barabarani, mvua imenyesha, ukammwagia matope kuanzia kichwani. Gari la kwanza halikusimama. La pili halikusimama. Magari tisa. Yule mama alisimama pale na mboga zake, akajifuta uso, akaniambia, "Pengine wana haraka."

Nikasimama.

"Usukani," nikasema, "waambie walio nyuma hapa ni pazuri. Hakuna mtu."

Mlango ukafunguka. Nikasikia fimbo, na hatua za haraka kuliko nilivyodhani mguu ule unaweza. Miwa ikachezacheza, ikatulia. Nikabaki nimetazama mbele kama askari, mguu juu ya mafuta, kama Angwenyi alivyosema. Mshale elfu mbili na nusu. Hamsini na nane. Hamsini na tano. Hamsini na mbili!

Inaungua hata nikisimama! Nikapiga usukani kwa furaha. Mama atarudi, tutaondoka, tutafika, na hesabu itatimia.

Halafu kuku akaanza kupiga kelele.

Moshi ulikuwa unaingia kutoka chini. Na haukuwa wa ekzosi, ulikuwa wa majani. Nilikuwa nimesimama juu ya rundo la majani makavu ya miwa, yale wanayoyaacha wakishakata, na lile bomba langu la ekzosi lililochomwa makusudi tangu Uriri lilikuwa jekundu kama kaa la mchomaji mahindi.

Nikasogeza gari mbele. Rundo likaja nalo, limekwama chini. Nyuma likaacha mstari wa moto, unatambaa kwenda kwenye miwa.

Kwenye miwa ile.

"Mama!" nikaita dirishani. Injini ikaimeza sauti yangu.

Nikashika kipaza sauti. "MAMA! MAMA, TOKA!"

Kutoka nyuma, kwenye kona ya barabara, wakatokea kina mama kama kumi na wawili, kwaya nzima ya Awendo, wamepanda mkokoteni wa trekta la miwa, wamekuja kuona mwisho wa maandamano.

"Tumetoka!" wakajibu. "Tufanye nini?"

"SI NYINYI! MAMA! MAMA!"

"Mama yupi? Sisi sote ni mama!"

Moto ukafika kwenye shina la kwanza. Likalia pwaa.

Wasomaji, miaka sita. Miaka sita nilikuwa nalilinda lile jina. Hata fomu ya hospitali ilipouliza, niliacha nafasi tupu, nikamwambia nesi ajaze mwenyewe.

"MARCELLA!" spika zote mbili zikalia. "MARCELLA NYATICHI WA URIRI! TOKA KWENYE MIWA! MOTO!"

Akatoka.

Alitoka upande ambao sikuutegemea, fimbo begani, sketi mkononi, mbio, mguu mbovu ukiwa mbele ya ule mzima. Kwaya ikamshangilia. Halafu wakashuka kwenye mkokoteni, wakavua viatu vya misa, wakauzima ule moto kwa udongo na matawi kabla haujashika shina la pili, huku kiongozi wao akinitukana kwa Kijaluo kitamu sana ambacho nilielewa chote. Wakayatoa na majani chini ya gari kwa mti mrefu.

Mimi sikushuka. Mguu wangu ulikuwa bado juu ya mafuta.

Kina mama wakarudi kwenye mkokoteni. Mama mkwe akabaki amesimama kando ya gari. Niliona viatu vyake. Vilikuwa na vumbi. Vikasogea, vikapita mlango wa nyuma.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Akaketi. Kando yangu. Akaishika ile leso kwa mkono mmoja, akaivuta pamoja na kamba yake, akajipangusia uso.

"Mogire," akasema. Hakumwambia kuku. "Nitazame."

"Mama, siwezi."

"Umenitangaza kwa wakulima wote wa miwa. Nitazame."

Nikageuza shingo. Ana uso mpana, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Anafanana na Nyamusi akiwa amekasirika, yaani anafanana naye sana.

"Una meno mazuri," akasema, kama aliyeshangaa. "Kwa kelele zile, nilidhani huna."

"Ahsante, mama."

"Endesha."

Nikaendesha. Gia ya pili, ya tatu, ya nne. Mshale juu. Rongo ikaja, tukakata kushoto kushika barabara ya Homa Bay, bila tuta, bila simu, na kakioo kakasoma kumi na nane. Saa nne na robo. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Nyamusi mlangoni.

"Unajua unaenda kikao gani?" mama akauliza.

"Cha Nyamusi kurudi."

"Hakuna kikao cha Nyamusi kurudi."

Nilidhani ni kelele za injini. "Mama?"

"Chinsoni ilikuwa inanizuia kukuambia. Sasa imeungua kule kwenye miwa, haya sikia. Saa tano kuna mtu anakuja kwa Omanga kujitambulisha, anamtaka Nyamusi. Mjane, alifiwa na mkewe. Ana karakana ya friji pale Homa Bay. Mtu mpole, gari lake ni la petroli."

"Nyamusi anajua?"

"Ameambiwa ni wageni. Ataulizwa mbele yao, na mimi nikisema ndiyo, hatanipinga. Hajawahi."

"Na mimi? Mimi naitiwa nini?"

"Uone kwa macho yako mwenyewe. Omanga alisema, huyo mtu ana daftari. Tukimaliza bila yeye, miaka ishirini atapita na spika akisema hakuambiwa."

Nikamwona Omanga kichwani mwangu, nikamwona na ile "tutaona" yake, nikamfungulia ukurasa mpya mzima.

"Huyo mjane," nikasema, "nani alimleta kwa Omanga? Nipe jina tu, mama. Jina moja."

"Mimi."

Gari lilikuwa linakwenda kilomita tisini. Sijawahi kwenda tisini maishani mwangu.

"Mimi ndiye nilimtafuta," akasema, akimweka kuku vizuri mapajani. "Binti yangu alipita kwangu akienda Homa Bay, analia juu ya sufuria, nikaona sufuria si kitu, ni miaka sita. Kila mtu Migori anajua umekasirikia nini. Yeye hajui unampendea nini. Sasa umesimama pale nilipokuwa na shida, na umeniita, na nimeanza kuwa na shaka. Mpaka kwa Omanga tuna dakika arubaini. Niambie basi kwa nini nisimpe yule. Na hotuba sitaki."

Miaka kumi na tatu nimesimama sokoni bila karatasi, na kila swali nililowahi kuulizwa lilikuwa na mtu wa kulaumiwa ndani yake. Nikalipekua lile swali la mama mbele na nyuma. Sikumwona mtu.

Nikafungua mdomo.